Kuongoza mfuko wa hisani wa wanawake na wasichana kijijini: mwongozo kamili kwa akina mama wanaojitolea

Katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kila mwanachama ana jicho lake kwenye sanduku, maana fedha iliyomo ni yake na siku ya kuvunja mzunguko atapata mgao wake. Mfuko wa hisani hauna siku ya kuvunja. Fedha ikishatoka haimrudii aliyeichanga, na mwenye haki nayo ni msichana wa darasa la saba ambaye pengine hata hajui kwamba mfuko upo. Ulinzi ambao kwenye VICOBA huja wenyewe, hapa lazima muutengeneze kwa makusudi. Nimeona akina mama waaminifu kabisa wakifikia kutosalimiana kwa sababu jambo hili halikuwekwa sawa tangu mwanzo. Hakuna aliyekuwa ameiba, ila hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba hakuiba.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya Tanzania Bara, kwa kijiji kimoja au kata moja, ambako viongozi ni wanawake wanaoishi hapohapo na hawalipwi mshahara.

Jueni mnasaidia nini, na nini hamsaidii

Msianze kwa kuchangisha. Anzeni kwa kuuliza, na mpeane muda wa kutosha wa kufanya hivyo. Ongeeni na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mkuu wa sekondari ya kata, mwalimu wa malezi, muuguzi wa zahanati na wenyeviti wa vitongoji. Kisha kaeni na wasichana wenyewe, pembeni, bila mama zao wala walimu. Watawaambia mambo ambayo mtu mzima hayaweki mezani.

Ada siyo mzigo mkuu tena. Tangu 2016 serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne katika shule zake, na 2022 ikafuta ya kidato cha tano na sita. Yaliyobaki ni sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana shuleni, pedi, na umbali.

Umbali ndio unaoharibu zaidi. Sekondari ya kata inaweza kuwa vijiji viwili mbele, haina bweni, na mzazi anampangia binti chumba karibu na shule. Geto. Mtoto wa miaka kumi na minne anajipikia, anajifungia mlango mwenyewe usiku, na unga ukiisha katikati ya wiki anabaki kumtegemea yeyote atakayejitokeza kumsaidia. Mkiombwa kulipa kodi ya geto, msikubali haraka. Tafuteni kwanza mama anayeishi karibu na shule, mnayemfahamu, ambaye atampokea binti kwake, na mfuko uchangie unga, maharage na mafuta ya taa au sola ndogo ya kusomea. Kama hosteli ya shule ipo, mchango wake ulipwe huko moja kwa moja. Baiskeli nayo husaidia pale ambapo njia haipiti porini na binti ana mwenzake wa kuongozana naye. Ikisha­nunuliwa, iandikwe kwenye daftari kuwa ni mali ya mfuko mpaka atakapomaliza shule, vinginevyo itaonekana gulioni imebeba magunia ya mkaa.

Kuhusu pedi, nendeni mkaangalie choo cha shule kabla ya kununua chochote. Pedi za kufua ni nafuu kwa muda mrefu, lakini zinataka maji, sabuni na mahali pa kuanika kwenye jua. Binti anayezianika chini ya godoro kwa aibu atazivaa zikiwa mbichi. Ikiwa choo hakina mlango wala maji, mlango na ndoo yenye bomba vitawasaidia wasichana wengi zaidi kuliko katoni ya pedi.

Mkimaliza, andikeni mambo matatu au manne ambayo mfuko utayagharimia, na chini yake yale ambayo hautayagharimia kamwe. Misiba, harusi, mikopo na kampeni viwe kwenye orodha hiyo ya pili kwa maandishi, maana vitaombwa, na vitaombwa na watu mnaowaheshimu.

Chagueni kamati kwa kazi, siyo kwa heshima

Kijijini kuna mazoea ya kumpa uongozi mama ambaye tayari anaongoza kila kitu: kwaya, kikoba, kamati ya shule, tawi la chama. Mwacheni apumzike. Wajumbe saba wanatosha. Angalau wawili wawe wasichana waliomaliza kidato cha nne na wako nyumbani, kwa sababu wanaandika vizuri, wanajua simu, na mabinti wadogo huwafungukia. Mmoja wao awe katibu. Uhazini mpeni mama mtu mzima ambaye amewahi kushika fedha za watu zikaonekana, kwa mfano mweka hazina wa kikoba. Akiwa hajui kusoma vizuri, hilo halimzuii, mradi hesabu zinasomwa kwa sauti kila kikao na katibu anaandika mbele yake.

Gawanyeni mamlaka ili mtu mmoja asishike hatua mbili zinazofuatana. Anayepokea ombi asiwe ndiye anayemtembelea mwombaji nyumbani. Anayeidhinisha asiwe ndiye anayelipa. Anayelipa asiwe ndiye anayeandika daftari. Kwa watu saba inawezekana, ingawa mwanzoni itaonekana kama usumbufu.

Undugu nao utawasumbua, kwani kijijini kila mtu ni wifi, mkwe au shangazi wa mwenzake. Kanuni isiyozidi sentensi mbili inatosha: watia saini wasiwe wa familia moja, na mjumbe ambaye ndugu yake ameomba msaada anatoka nje ya chumba wakati ombi linajadiliwa, na muhtasari unaandika kwamba alitoka.

Wanaume wachange, na mmoja au wawili wanaoaminika, kama mwalimu mstaafu, wawe kwenye kamati ndogo ya ukaguzi ambayo haimo kwenye kamati kuu. Ufunguo wa sanduku wasishike. Nina msimamo mkali hapa, kwa sababu mwanamke anayekuja kuomba nauli ya kwenda kumshitaki mumewe hawezi kupitia kwa rafiki wa mumewe.

Katiba fupi, kisha usajili

Katiba iwe na kurasa chache ambazo zinaweza kusomwa zote kwenye mkutano mmoja: jina na eneo, madhumuni, nani ni mwanachama, kamati na muda wake, namna ya kutoa maamuzi, fedha zinatunzwa wapi na nani anatia saini, ukaguzi, namna ya kumwondoa kiongozi, na mali itakwenda wapi mfuko ukifa. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika sana. Andikeni kwamba mali itakwenda kwenye shule au zahanati ya kijiji na kwamba haitagawanywa kwa wanachama. Hapo ndipo mnapotofautiana na kikoba.

Pelekeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na orodha ya wanachama kwa mtendaji wa kijiji, naye awape barua ya utambulisho. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaongoza kujisajili halmashauri kama kikundi cha kijamii. Njia hiyo inatosha kwa mfuko wa kijiji au kata. Kujisajili kama shirika lisilo la kiserikali, chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, kunafaa mkikua na kutaka wafadhili wakubwa, lakini kuna wajibu wa kupeleka kwa Msajili taarifa na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na ukaguzi huo unagharimu fedha.

Msikopeshe. Mfuko ukianza kukopesha kwa riba unaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ambayo ina usajili wake, na pia mtajikuta mnamdai mama yuleyule mliyetaka kumsaidia. Wanaotaka mtaji waelekezeni kwenye mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi cha mkopo huo kiwe na akaunti yake na daftari lake, hata kama wanachama ni walewale.

Fedha zinaingiaje

Fuateni kalenda ya shamba. Kwenye mikoa ya mvua za msimu mmoja, kama Singida na Dodoma, fedha zinaonekana baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti. Mahitaji makubwa ya shule yanakuja Januari, wakati ghala linapungua na watu wako shambani. Kwa hiyo changisheni Julai kwa ajili ya Januari. Pokeeni mazao pia. Debe la mahindi au la alizeti kutoka kila kaya ni rahisi kutoka kuliko noti, na kamati inaweza kuyahifadhi pamoja na kuyauza bei ikipanda. Mazao yaandikwe kwa debe siku yanapoingia na kwa shilingi siku yanapouzwa, mbele ya mashahidi wawili.

Mchango wa kila mwezi uwe mdogo kiasi cha kutomwaibisha yeyote. Tuchukue mfano wa wanachama 40 wanaochanga shilingi 2,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 960,000. Mnaweza kupanga 480,000 kwa vifaa vya shule vya wasichana wanane, kila mmoja 60,000. 200,000 kwa pedi za kufua au choo cha shule. 200,000 za dharura, ambazo haziguswi kwa jambo lolote linaloweza kusubiri kikao. Na 80,000 za uendeshaji, yaani nauli, vocha, daftari na makato ya benki. Msione aibu kuandika fedha za uendeshaji. Zikifichwa zitatoka mfukoni kwa katibu mpaka achoke, au zitachotwa kimyakimya kutoka fungu la pedi.

Kila anayetoa apewe stakabadhi, hata wa shilingi mia tano. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hisani ni mali. Fedha nyingi zikae benki kwenye akaunti ya kikundi, na kutoa kuhitaji saini mbili kati ya tatu. Za dharura zinaweza kukaa kwenye sanduku la makufuli matatu, mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo shirika la misaada la CARE lilivianzisha Niger mwaka 1991: watatu wana funguo, wa nne anatunza sanduku nyumbani, na halifunguliwi mpaka wote wanne wawepo. Mkitumia simu, iwe huduma ya kikundi ambayo zaidi ya mtu mmoja lazima aidhinishe. Laini binafsi ya mwenyekiti isipokee mchango hata mara moja.

Na wanasiasa watakuja, hasa mwaka wa uchaguzi. Mchango wa mtu yeyote upokelewe kwenye mkutano wa wazi, uandikwe kwa kiasi na tarehe kama wa mtu mwingine yeyote, na sare za watoto zisiwe na rangi wala jina la mtu.

Nani apewe

Hapa ndipo urafiki unapojaribiwa. Wekeni vigezo kabla ya kuona majina: mtoto anaishi na nani, kuna nani wa kumnunulia sare, ana ulemavu, ameacha shule au anakaribia kuacha, kaya inapata msaada mwingine kama wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali. Kila kigezo kipeni alama. Mkiwa na alama, mnaweza kumweleza mtu yeyote kwa nini huyu alipata na yule akakosa.

Ombi lipokelewe na mjumbe mmoja, naye aandike kwenye fomu fupi. Wajumbe wengine wawili waende nyumbani, wakati ambao mama yupo, bila kuvaa fulana za mfuko na bila kupiga picha. Wasiulize “mna shida gani?” Waulize jana usiku mmekula nini, mtoto alikwenda shule lini mara ya mwisho, nani alinunua madaftari aliyonayo. Maswali ya namna hii yanaonyesha hali ya nyumba bila kumfanya mtu ajidhalilishe mbele ya wageni.

Kwenye kikao cha maamuzi, katibu asome maombi kwa namba badala ya majina. Najua katika kijiji kidogo wengi watajua ni nani. Bado inasaidia, kwa sababu mjumbe hawezi kusimama akasema “yule mama yake ana mdomo” kuhusu namba 7.

Aliyekosa aambiwe mapema, ana kwa ana, na mjumbe mwenye umri wa kuheshimiana naye. Maneno yawe wazi: “Shikamoo mama. Ombi lako tumelisoma wote saba. Mwaka huu fedha zimekwenda kwa watoto ambao hawana kabisa wa kuwanunulia sare. Jina lako limebaki kwenye daftari, na kikao cha mwezi wa saba tutalisoma tena.” Msimwahidi kitu kingine ili tu mwondoke pale vizuri.

Msiwasahau waliopata ujauzito wakiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shuleni, na mbali na shule ya kawaida kuna masomo ya njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kinachowazuia wengi ni mtoto: nani atakaa naye, na atakula nini. Unga wa uji na sabuni kwa bibi anayembeba mjukuu vinaweza kumrudisha mama yake darasani. Kuna watakaosema mnazawadia utovu wa adabu. Wajibuni kwa upole kwamba madhumuni ya mfuko ni wasichana wasome, na huyu naye ni msichana anayetaka kusoma.

Kulipa

Lipeni duka, fundi au shule, na si kumkabidhi mtu fedha, isipokuwa nauli na dharura. Sare washoneeni hapohapo kijijini, kwa mafundi wawili tofauti ili bei isipandishwe. Kipimo kichukuliwe na fundi mwanamke au mbele ya mama wa mtoto. Kila malipo yawe na karatasi tatu zilizobanwa pamoja: uamuzi wa kikao, risiti, na saini au dole gumba la aliyepokea.

Msifanye sherehe ya kuwapanga watoto mstari na kuwakabidhi madaftari mbele ya kijiji. Binti ataitwa “wa msaada” mpaka amalize shule. Vitu vipelekwe nyumbani jioni au kupitia mwalimu wa malezi. Mfadhili akitaka picha, mpelekeeni picha ya choo kilichowekwa mlango.

Mambo mazito

Mkishaaminika, mtaletewa yasiyohusu madaftari: binti aliyebakwa, anayeandaliwa kuozeshwa, mama anayepigwa. Sehemu hii isomwe kwa sauti kwenye kila kikao cha kwanza cha kamati mpya.

Msisuluhishe. Ukatili dhidi ya mtoto haumalizwi kwa ng’ombe wala kwa kikao cha wazee, na mjumbe anayekaa kwenye kikao hicho atoke kwenye kamati. Aliyebakwa afike kituo cha afya haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya muda huo. Asioge, na nguo alizokuwa amevaa zibebwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Toeni taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116, Simu ya Mtoto, hupigwa bure. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji au kata, iliyotokana na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), nayo ihusishwe, isipokuwa kama mtuhumiwa ni ndugu au rafiki wa mjumbe wake.

Kuhusu ndoa, jueni sheria mnayoisimamia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha miaka 30. Binti ambaye hayuko shuleni yuko hatarini zaidi, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 15 kwa msichana kwa ridhaa ya mzazi, ingawa Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Kumweka binti shuleni ni kinga yake ya kwanza, na kinga hiyo mfuko wenu unaweza kuilipia.

Kazi ya fedha zenu hapa ni ndogo na ya lazima: nauli ya hospitali, nauli ya polisi, na miezi baadaye nauli ya mahakamani kwa binti, mama yake na mashahidi. Kesi inaweza kufutwa kwa sababu mashahidi hawakutokea, na pengine hawakutokea kwa sababu hawakuwa na nauli. Fungu la dharura likae tayari kwa hili kwanza.

Habari za namna hii wazijue wajumbe wawili tu, na hesabu iandikwe “dharura, nauli” bila jina. Daftari la majina likae kwenye kufuli lake. Anayezungumza ovyo aondolewe hata kama ni mwenyekiti, na wala asipewe onyo la kwanza.

Kuwatunza wanaojitolea

Mama anayejitolea ana shamba, watoto, mgonjwa wa kuuguza na maji ya kuteka. Vikao viwe viwili tu kwa mwezi msimu wa kiangazi, na kimoja wakati wa palizi, kwa saa moja na nusu, siku ambayo si ya gulio wala ibada. Anayetumwa mjini arudishiwe nauli yake siku hiyohiyo na fedha ya chakula kwa kiwango kilichoandikwa. Posho ya kikao msiianzishe. Ikianza, vikao vitaongezeka na fungu la pedi litapungua.

Muda wa uongozi uwe miaka mitatu, usiozidi vipindi viwili, na wasimalize wote kwa pamoja. Kila mwenye kazi awe na msaidizi anayejifunza. Hapo mhazini akijifungua au akihamia kwa mwanawe Dodoma, mfuko hautasimama.

Mkutano mkuu na makabidhiano

Mara moja kwa mwaka, Julai, ombeni nafasi kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji. Wakaguzi wasome wao wenyewe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, wasichana wangapi walisaidiwa na kwa nini, bila majina. Bandikeni karatasi ya hesabu kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na muiache hapo. Mtu akiuliza swali kali, mwenyekiti asijibu kwa hasira. Mwambieni aje aonyeshwe risiti na wakaguzi.

Kamati inapobadilika, makabidhiano yafanyike kwa maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji: daftari la mapato, la matumizi, la maombi, kitabu cha stakabadhi chenye namba ya karatasi ya mwisho iliyotumika, taarifa ya benki ya wiki hiyo, cheti cha usajili, funguo tatu, na orodha ya baiskeli na wasichana walionazo. Benki ibadilishe watia saini wiki hiyohiyo. Mpaka benki ithibitishe, akaunti isitoe fedha yoyote, na nauli ya dharura itoke kwenye sanduku.